Adrian Atiman, Mtumwa Aliyekuwa Mganga wa Karema

Yako mambo mawili yapasayo kutendewa mtoto aliyeanguka katika taabu. La kwanza ni kumtoa shimoni. La pili ni kumshika mkono baada ya kumtoa, mpaka miguu yake ipate nguvu ya kumchukua yeye mwenyewe. Watu wengi wenye huruma hulitenda la kwanza, wakarudi nyumbani na moyo uliotulia. Wachache hulitenda la pili, maana kazi yake ni ya miaka, wala haina sifa mbele ya watu. Maisha ya Adrian Atiman, mganga na mwalimu wa dini wa Karema, yaonyesha wazi ni tofauti gani iliyopo kati ya mambo hayo mawili.

KUZALIWA KWAKE NA KUTEKWA KWAKE

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto mkubwa uitwao Niger, katika nchi ambayo siku hizi yaitwa Mali. Mji wenye jina upande ule ni Timbuktu, mji wa biashara, unaopakana na jangwa la Sahara. Chumvi ilitoka jangwani ikashuka mpaka mtoni. Na kutoka mtoni zilipanda dhahabu, nguo, na wanadamu.

Maana siku zile wanadamu nao walikuwa bidhaa. Angali mtoto mdogo, Atiman alikamatwa na watekaji mbali na macho ya wazazi wake, akaondolewa nchini kwao. Akauzwa, akaingizwa katika msafara wa kuvuka jangwa kuelekea kaskazini. Sahara si kama mbuga za Katanga, ambako mtu akienda siku moja au mbili hukosi kuona mto au kijiji. Kule ni mchanga na mawe tu, kisima na kisima vimetengana kwa mwendo wa siku nyingi, na mtumwa aliyeshindwa kutembea hakungojewa na mtu. Watoto wengi walibaki njiani. Atiman alifika hai.

Watu wa Katanga hawahitaji kufundishwa sana juu ya biashara hiyo, maana wazee wao waliijua. Bunkeya, mji wa mfalme Msiri, uko upande wa kaskazini wa Likasi na Mulungwishi. Mpaka siku Msiri alipouawa, tarehe 20 Desemba 1891, misafara ilitoka huko ikichukua shaba, pembe za ndovu na watumwa, mingine ikienda pwani ya mashariki, mingine pwani ya magharibi. Kwa hiyo habari za mtoto wa Niger ni habari za watoto wa nchi hii pia. Zatofautiana kwa jina la mto tu.

KUKOMBOLEWA

Karibu na mwaka 1876 wafanya biashara walimfikisha Atiman mahali paitwapo Metlili, penye chemchemi na mitende, kusini mwa nchi ya Algeria. Huko wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walitoa fedha wakamkomboa. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi.

Shirika lile la mapadre lilikuwa bado changa. Lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Alger. Yeye alipofika nchini mwaka 1867 alikuta balaa juu ya balaa: ukame, nzige, njaa, kisha kipindupindu. Barabarani walikuwako watoto wasio na baba wala mama, nao walikuwa mamia kwa mamia. Askofu aliamuru waokotwe wote, akawatafutia nyumba, chakula na watu wa kuwalea. Mara akatambua kwamba mkate wa leo hautoshi kumpa mtoto kesho yake. Kwa hiyo wale yatima wakafundishwa kulima, kusoma, na kazi za mikono, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake.

Kazi ya kukomboa watumwa nayo ilikuwa na hatari. Mwaka ule ule wa 1876, mapadre watatu wa shirika hilo waliuawa jangwani walipokuwa wakijaribu kufika Timbuktu. Atiman aliletwa kaskazini kwa njia ya jangwa lile lile lililomwaga damu ya wale mapadre.

Hapa msomaji atafakari kidogo. Mtoto amenunuliwa kwa fedha, naye sasa ni huru. Lakini uhuru wake ni wa namna gani? Hana baba, hana mama, hana ukoo, hana shamba. Lugha yake haisikiwi na mtu. Hawezi kurudi kwao, maana njia ya kwao ndiyo njia ya watekaji. Kama wangemwachilia siku ile ile sokoni na kumtakia heri, kabla ya jua kutua angalikuwa mtumwa tena wa mtu mwingine. Ndiyo maana mapadre hawakumwachilia. Walimpeleka karibu na mji wa Alger, wakamweka shuleni pamoja na watoto wengine waliokombolewa kama yeye, waliotoka nchi mbalimbali za bara la Afrika.

SHULE NA KUNGOJA

Lavigerie alikuwa na shauri moja kubwa juu ya vijana hao. Aliona kwamba Afrika haitaongoka kwa kazi ya Wazungu peke yao. Wazungu walikuwa wachache, homa iliwaua, na hata walioishi walibaki wageni. Waafrika wenyewe wapaswa kuwafundisha Waafrika wenzao. Tena aliona kwamba mlango ulio wazi katika kila kijiji ni mlango wa mgonjwa. Mtu asiyetaka kusikia mafundisho hatamfukuza yule anayekuja kumwosha mwanawe kidonda. Basi akakata shauri kuwachagua vijana wenye akili na moyo mwema, awafanye waganga na walimu wa dini kwa pamoja.

Mwaka 1881 alifungua nyumba kwa ajili yao katika kisiwa cha Malta. Kisiwa hicho kimo katika bahari ya Mediterania, kati ya Afrika na Ulaya, na watu wake ni Wakatoliki. Lugha yao ina udugu na Kiarabu, ambacho vijana wale walikwisha kukisikia kule Algeria. Tena palikuwapo chuo kikuu chenye mafundisho ya uganga. Atiman, aliyekuwa sasa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, alikuwa mmoja wa wale waliopelekwa.

Miaka saba alikaa huko. Alijifunza viungo vya mwili wa mwanadamu, magonjwa na dalili zake, dawa na vipimo vyake, kufunga jeraha, kunyosha mfupa uliovunjika, kukata mahali palipooza ili mtu apone. Kazi hiyo haifundishwi kwa vitabu tu. Mwanafunzi husimama karibu na mwalimu wake kitandani pa mgonjwa, akiangalia mkono wake. Kisha mwalimu humwachia kisu, naye husimama karibu akiangalia mkono wa mwanafunzi. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga; lakini mkunjaji naye hana budi kuwapo.

Walezi wake walishika kanuni nyingine pia. Lavigerie hakutaka vijana hao wageuzwe Wazungu weusi. Alitaka waendelee kuishi Kiafrika katika chakula, mavazi na malazi, wasije wakaona haya kukaa pamoja na watu wao watakaporudi. Kanuni hiyo ilikuwa ngumu kuishika katika mji wa Ulaya, lakini sababu yake ilikuwa njema: mtu hupewa elimu ili awainue wenzake, wala si ili awakimbie.

Jambo jingine litawagusa wakatekumeni kwa namna ya pekee. Atiman alikombolewa karibu na mwaka 1876, lakini alibatizwa mwaka 1882, akaitwa Adrian. Miaka kama sita ilipita katikati. Lavigerie alikwisha kuweka sheria kwa mapadre wake kwamba mtu asipewe Ubatizo upesi upesi. Mtu mzima apitie miaka minne ya kujaribiwa na kufundishwa. Ubatizo haukuwa malipo ya fedha za ukombozi. Fedha zilifungua minyororo ya mwili. Imani ilipasa kupokelewa na moyo ulio huru. Mkatekumeni anayenung'unika kwa sababu miaka yake ya mafundisho ni mirefu amkumbuke kijana huyo aliyengoja.

SAFARI YA KAREMA

Mwaka 1888 masomo yakaisha. Mwaka huo ndio ambao Lavigerie, aliyekuwa sasa Kardinali, alizunguka Paris, London na Brussels akiwahubiri Wazungu juu ya ukatili wa biashara ya watumwa katika Afrika, akidai mataifa yaikomeshe. Wakati yeye anasema mbele ya wakuu, Adrian Atiman alikuwa akijiandaa kwenda mahali penyewe penye misafara ya watumwa. Alikuwa na miaka kama ishirini na miwili.

Safari ile ilikuwa ya bahari, kisha ya miguu. Kutoka pwani inayokabili Unguja mpaka Ziwa Tanganyika ni zaidi ya kilomita elfu moja. Wapagazi walichukua mizigo kichwani, njia ikipita katika pori, mbuga na nchi za watemi waliodai hongo. Mwaka ule pwani yenyewe ilikuwa ikiwaka moto wa vita, kwa kuwa wenyeji waliinuka kupigana na Wajerumani. Na njiani, wale waliokwenda bara walikutana na wale waliotoka bara. Basi kijana aliyevushwa Sahara akiwa mtumwa, sasa alipita katika njia kubwa ya watumwa akiwa mtu huru, mwenye dawa mzigoni. Mapema mwaka 1889 akafika Karema.

Karema iko ukingoni mwa mashariki mwa ziwa, na Mpala, katika nchi ya Kongo, yaikabili kutoka ng'ambo ya pili. Mahali hapo pawili palikuwa kwanza ngome za Wabelgiji, kisha mwaka 1885 zikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Upande wa Mpala na Mrumbi alikaa Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliyekuja kuwalinda wanyonge juu ya washambulizi. Huko na huko, vijiji vya misioni vilijaa wakimbizi, wajane, na watoto waliokombolewa. Walizungumza lugha nyingi, kila mmoja alikuwa ametengwa na ukoo wake. Atiman alipowatazama watoto wale, hakuhitaji mkalimani wa kumweleza mioyo yao ikoje.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ilitimia kwa Karema neno kwa neno. Mgeni huyu hakuwa mtu wa nchi ile. Kwao palikuwa mbali kuliko Ulaya kwa mtu wa siku zile, na rangi ya ngozi peke yake haikumfanya mwenyeji. Ilimpasa kujifunza lugha, desturi, salamu, na adabu ya kuingia nyumbani mwa mtu.

Katika mwaka ule ule wa 1889 alioa mke wa nchi ile, jina lake Agnes. Kwa ndoa hiyo alipata kile ambacho watekaji walimnyang'anya, yaani ukoo: wakwe, mashemeji, na watu wa kumwita kwa jina la udugu. Nao wakapata mwana, wakamwita Joseph.

Kazi yake ilikuwa ya aina mbili, kama Lavigerie alivyokusudia. Alikuwa mganga, na alikuwa mwalimu wa dini. Ndui ilipokuja, alikuwapo. Malale yalipoingia katika nchi za kando ya ziwa, mwanzoni mwa karne ya ishirini, alikuwapo. Palikuwa na vidonda vya miguuni, macho yanayouma, wanawake walioshindwa kujifungua, watu waliojeruhiwa na wanyama. Dawa kutoka Ulaya zilichukua miezi mingi kufika, na mara nyingi zilikwisha kabla ya nyingine kuja. Kwa sababu hiyo Atiman hakudharau miti shamba ya wenyeji. Aliuliza, akaangalia, akatenga ile iponyayo na ile isiyofaa kitu, akaitumia iliyo njema. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Malta hakuona haya kujifunza kwa wazee wa kijiji. Hiyo ndiyo alama ya mtu aliyelelewa vema: hata akiisha kuwa mwalimu, haachi kuwa mwanafunzi.

MAJARIBU

Lakini si vema kusimulia maisha ya mtu kana kwamba njia yake yote ilikuwa imefagiliwa. Shauri la Lavigerie juu ya waganga walimu lilikuwa kubwa kuliko matunda yaliyoonekana. Vijana waliosomeshwa hivyo walikuwa wachache, gharama yao ilikuwa kubwa, na si wote waliodumu katika kazi. Nyumba ya Malta nayo haikuishi miaka mingi. Tena hali ya vijana hao ilikuwa na shida iliyojificha: hawakuwa mapadre, hawakuwa Wazungu, wala hawakuwa wenyeji wa nchi waliyotumwa. Waliweza kukaa kati ya watu wote na wasiwe wa mtu yeyote. Kijana aliyetolewa shimoni, akapewa elimu, kisha akaachwa peke yake katikati namna hiyo, aweza kuanguka mara ya pili, na anguko hilo laweza kuwa baya kuliko la kwanza.

Mwaka 1892 Kardinali Lavigerie alifariki huko Alger. Atiman alikuwa na miaka mitatu tu Karema. Aliyemtuma hayupo tena, na jangwa na bahari vilimtenga na shule iliyomlea. Hapo ndipo ulezi wake ulipojaribiwa. Mti uliofungwa kwenye kigingi hujulikana nguvu zake siku kigingi kinapong'olewa.

Atiman alisimama. Hakuhama kutafuta mshahara pwani, wala hakuigeuza kazi ya uganga kuwa biashara ya kujitajirisha. Utawala wa Wajerumani ulikuja ukapita. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vilifika mpaka ziwani. Utawala wa Waingereza ukafuata. Maaskofu na mapadre walipokezana. Na kila asubuhi wagonjwa walimkuta mtu yule yule mahali pale pale.

MATUNDA

Joseph, mwana wa Adrian na Agnes, alisoma akapata Daraja takatifu ya upadre. Basi baba aliyeuzwa kama mbuzi sokoni alimwona mwanawe mwenyewe akisimama altareni. Kutoka soko la watumwa mpaka altare hapakupita hata vizazi viwili.

Katika miaka ile ile, ng'ambo ya ziwa, nchi ya Kongo ilipata tunda la namna hiyo. Stefano Kaoze, kijana wa milima ya Marungu katika Katanga, alisomeshwa na mapadre mwaka baada ya mwaka. Na tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, mahali paitwapo Moba siku hizi, Askofu Victor Roelens alimpadirisha. Ndiye Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi mpya kupata upadre. Yeye naye hakufika kwa mbio. Palikuwapo watu waliomsubiri, wakamwonya, wakamtia moyo, wala hawakuchoka.

Atiman alizeeka akiwa kazini. Mwaka 1946 habari za maisha yake, kama alivyozieleza mwenyewe, zilichapwa katika jarida la Tanganyika, na hivi wasomaji wa mbali wakapata kujua yaliyompata mtoto wa Tundurma. Alipewa nishani za heshima. Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka kama tisini, baada ya kuwahudumia watu wa Karema na nchi za jirani kwa miaka sitini na saba. Katika mji wa Dar es Salaam iko nyumba ya wamisionari wa Afrika inayoitwa kwa jina lake mpaka leo.

Waliomteka mtoto yule walipata fedha kidogo, wakazila, zikaisha. Waliomkomboa na kumlea walitoa fedha, na miaka, na subira. Na faida yake haikuhesabika, maana hakuna aliyeandika hesabu ya macho yaliyofunguliwa, mifupa iliyonyoshwa, na watoto waliozaliwa hai kwa mikono yake.

MAFUNDISHO YA MAISHA HAYA

Minyororo ya zamani imevunjika. Lakini vijana wasio na msaada hawajakwisha duniani. Katika nchi ya Mulungwishi, kati ya Likasi na Fungurume, ardhi ina shaba na kobalti, na utajiri huo huwavuta wengi. Wako vijana, hata watoto, wanaoacha shule wakaingia mashimoni kuchimba, au kuosha na kubeba mawe, kwa sababu nyumbani hakuna karo wala chakula, au kwa sababu baba amekufa na ndugu zake hawamkumbuki mtoto. Wako wasichana wanaoozwa mapema ili nyumba ipunguziwe mzigo. Watoto hao hawakutekwa na mtu, lakini kesho yao imetekwa.

Shule haziko mbali. Mulungwishi yenyewe ni mahali pa elimu tangu zamani, na ndugu Wamethodisti wana chuo kikuu hapo. Kinachokosekana mara nyingi si jengo. Kinachokosekana ni mtu: mtu mzima mmoja anayelijua jina la mtoto, anayeuliza kwa nini jana hakuonekana darasani, anayekwenda kuzungumza na mjomba wake, anayemwonyesha kazi ya mikono, na anayerudi kuuliza tena mwezi ujao na mwaka ujao.

Kanisa limeliweka jambo hilo katika desturi zake takatifu. Kila anayebatizwa hupewa msimamizi. Watu wengi hufikiri kwamba kazi ya msimamizi ni kuweka mkono begani siku ya Ubatizo, kula pilau, na kwenda zake. Sivyo. Msimamizi ameahidi mbele ya Mungu kumsaidia mtoto wake wa ubatizo aishi Kikristo, na kijana mwenye njaa, asiye na kazi wala shauri, haishi vema kwa kuhubiriwa tu. Mama wa ubatizo anayemfundisha msichana kushona, baba wa ubatizo anayemwingiza kijana katika karakana ya fundi mwaminifu, hao wanatimiza ahadi yao sawasawa na yule anayewafundisha sala.

Mambo matatu yaliyomjenga Atiman hayahitaji mali nyingi. Alipata walezi waliokaa naye miaka, wala si siku. Alipata kazi halisi ya kuwafaa watu, aliyofundishwa kwa mkono na kwa macho. Na alipewa sababu ya kuitumia kazi hiyo kwa ajili ya wengine. Kijiji chochote, hata kilicho maskini, chaweza kumpa kijana mmoja mambo hayo matatu.

Basi mkatekumeni, anapongoja siku ya Ubatizo wake, ahesabu watu waliomshika mkono mpaka hapa alipofika: mwalimu wa dini, mzazi, jirani, dada mkubwa. Akiisha kuwahesabu, atazame nyuma yake. Kijana mmoja yuko hapo, karibu kabisa, anaye jina, naye hana mtu. Kwa huyo kazi ianze. Na Mungu, aliyemwona mtoto mmoja katika mchanga wa Sahara, ataikamilisha kwa wakati wake.